Bakteria wa Togwa Mbele ya Dawa: Utangulizi

Kama umekulia Likunja, au kijiji chochote kati ya Ruangwa na Nachingwea, basi umekwisha kumeza bakteria hai mabilioni kwa mabilioni, tena kwa hiari yako. Togwa iliyolala usiku mmoja imejaa bakteria. Mtindi vilevile. Hukuugua, pengine ndiyo iliyokuwezesha kumaliza palizi ya ufuta juani. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie, lakini kwa upande mmoja tu: wakikutana na antibiotiki wanafanyaje, na tunajuaje kwamba ni salama kuwatia katika chakula cha watu na cha mifugo?

Taaluma hii ina jina refu: tathmini ya usugu wa antibiotiki kwa bakteria wanaotumika katika vyakula. Jina lisikutishe. Chini yake mna maswali mawili. Bakteria huyu anahimili dawa gani? Na uwezo huo, je, anaweza kumpa bakteria mwingine? Swali la pili ndilo zito, na ndilo ambalo wengi wanaoanza hulisahau, kwa sababu la kwanza lina vipimo na namba za kufurahisha. Ukifika mwisho wa utangulizi huu ukiwa umelishika la pili, mengine utajifunza maabara.

Tuanze jikoni. Uji wa mtama au wa mahindi unapikwa, unaepuliwa, unaachwa hadi uwe vuguvugu. Kisha unatiwa unga wa kimea, yaani nafaka, mara nyingi ulezi, iliyoloweshwa, ikaoteshwa, ikaanikwa na kusagwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Vimeng'enya vya kimea hukatakata wanga, na uji uliokuwa mzito unalegea na kupata utamu. Hapo bado bakteria hawajaanza kazi. Wamo ndani ya kimea chenyewe, kwenye kuta za chungu, na katika togwa ya jana ikiwa mpishi ameibakiza kidogo ili aichanganye na ya leo. Usiku kucha wanakula ile sukari na kutoa asidi ya laktiki, asidi ileile inayoyapa maziwa ya mgando uchachu wake. Ndiyo maana tunawaita bakteria wa asidi ya laktiki.

Togwa si kitu ambacho wanasayansi wamekipuuza. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walichapisha orodha ya viumbe waliowakuta ndani yake: Lactobacillus plantarum, Lactobacillus brevis, Lactobacillus fermentum, Pediococcus pentosaceus, Weissella confusa, pamoja na aina kadhaa za hamira. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa namna hii waliharisha mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Asidi inapopanda, bakteria wengi wa kuharisha hukosa pa kustawi. Kwa hiyo tunaanza somo hili tukiwa upande wa togwa, na sioni sababu ya kuuhama.

Hapa nikupe tahadhari ndogo kuhusu majina, maana itakuokoa na mkanganyiko. Mwaka 2020 wataalamu wa uainishaji waliipasua jenasi ya Lactobacillus, iliyokuwa imebeba spishi nyingi mno zisizofanana, wakaunda jenasi nyingi mpya. Lactobacillus plantarum sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Lactobacillus rhamnosus ni Lacticaseibacillus rhamnosus. Ukisoma makala ya mwaka 2010 na ya mwaka 2022 utadhani ni viumbe tofauti. Ni walewale. Mimi nitatumia majina ya zamani kwa kuwa ni mafupi.

Kuna neno jingine utakalolihitaji kabla hatujaenda mbali. Ndani ya spishi moja kuna koo nyingi ndogondogo za bakteria, kila moja ikiwa na historia na vinasaba vyake. Ukoo mmoja mahsusi wa namna hiyo nitauita nasaba. Lactobacillus plantarum wa kwenye chungu cha Likunja na yule wa kwenye kabichi iliyochachushwa huko Korea ni spishi moja lakini ni nasaba mbili. Tathmini zote tutakazozizungumzia hufanywa kwa nasaba. Mtu akikuambia "plantarum ni salama", mwulize: nasaba ipi?

Sasa tuzigeukie dawa. Antibiotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Tetrasaiklini, ile ambayo wafugaji wengi wa kuku wanaijua kwa jina la OTC, huzuia bakteria asitengeneze protini. Bakteria anapoendelea kukua ingawa dawa ipo kwa kiwango ambacho kingemzuia, tunasema ana usugu. Wizara ya Afya imelifupisha tatizo hili kuwa UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na nchi yetu ilizindua mpango kazi wake wa kwanza wa kupambana nalo mwaka 2017.

Najua unachotaka kuuliza. Bakteria wa togwa hasababishi ugonjwa. Hakuna atakayelazwa hospitali kwa sababu ya Lactobacillus, isipokuwa kwa nadra sana mtu ambaye kinga yake imeanguka kabisa. Basi akiwa sugu, nani ameumia? Mbona tunamsumbua?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilianza kuonekana Japani katika miaka ya 1950. Madaktari huko walikuwa wakipambana na Shigella, bakteria wa kuhara damu. Walikuta Shigella wanaohimili dawa nne kwa mpigo. Ajabu ni kwamba mgonjwa mmoja aliweza kutoa Shigella sugu na Shigella wasio sugu kwa pamoja, na hata E. coli wa kawaida waliokuwa tumboni mwake walikuwa na usugu uleule wa dawa zilezile. Mwaka 1959 watafiti wa Kijapani walithibitisha kwamba usugu ulikuwa ukihama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa spishi tofauti, bila kusubiri kuzaliana.

Kilichokuwa kikihama ni plasmidi. Bakteria ana kromosomu, utepe mrefu wa vinasaba wenye maagizo yote ya uhai wake. Kila agizo tunaliita jeni. Lakini wengi wana pia pete ndogo za vinasaba zilizojitenga na kromosomu, na hizo ndizo plasmidi. Zifikirie kama daftari la notisi linaloazimwa bwenini: anayeazima ananakili, mwenyewe anabaki na lake, na kesho yake aliyenakili anaweza kumwazima wa tatu. Jeni la usugu likiwa kwenye plasmidi, lina njia ya kusafiri. Kuna pia vipande vya vinasaba vinavyoweza kujichomoa mahali pamoja na kujichomeka pengine, viitwavyo transposoni. Navyo hulisaidia jeni lililokuwa limetulia kwenye kromosomu lipate usafiri.

Basi turudi kwenye swali lako. Bakteria wa togwa anashuka tumboni, mahali penye msongamano wa bakteria usio na mfano. Wamo wasio na madhara, wamo wanaosubiri nafasi. Mgeni wetu akiwa na jeni la usugu linalosafiri, ameingia sokoni na bidhaa. Bakteria wa ugonjwa hahitaji kumpenda. Anahitaji kumgusa tu.

Na hapa ndipo kipimo cha ukubwa kinapoingia. Chungu kimoja cha togwa huhudumia nyumba moja, na bakteria wake ni mchanganyiko wa nasaba nyingi ambao hubadilika msimu hadi msimu. Lakini mtu akichagua nasaba moja, akaikausha, akaifunga kwenye pakiti na kuiuza kama chachu ya mtindi au kirutubisho cha kuku, nasaba hiyo itamezwa na maelfu ya watu na malaki ya vifaranga kila siku, mwaka baada ya mwaka. Chochote ilichokibeba kitasambazwa pamoja nayo. Ndiyo maana tathmini hii inamlenga kwanza mwenye pakiti, wala si bibi mwenye chungu.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, na hapa twende polepole. Usugu una asili zaidi ya moja, na hatari yake hutegemea asili hiyo.

Upo usugu wa kuzaliwa, ambao spishi nzima inao tangu kale. Mfano bora ni vankomaisini, dawa nzito inayotunzwa hospitalini kwa ajili ya maambukizi makali. Bakteria wengi hujenga ukuta wao kwa vijenzi vinavyoishia na molekuli mbili za alanini, na vankomaisini huziganda hizo mbili za mwisho, ujenzi ukakwama. Lactobacillus rhamnosus, plantarum na jamaa zao kadhaa hawajengi hivyo. Mwishoni mwa kijenzi chao hukaa laktati badala ya alanini ya pili. Dawa inapofika haipati pa kushika vizuri. Si kwamba waliwahi kupambana nayo wakashinda. Ni maumbile yao, yameandikwa kwenye kromosomu, yamefungamana na namna nzima wanavyojenga ukuta, na hayahami.

Jambo hili lina uzito hapahapa kwetu. Mwaka 2004 huko Mwanza kikundi cha akina mama cha Tukwamuane, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilianza kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, uliokuja kujulikana kwa jina la Fiti. Miongoni mwa wanywaji wake walikuwamo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Uganda nako, shirika la Yoba for Life lilisambaza pakiti za chachu yenye spishi hiyohiyo. Sasa mfikirie mtaalamu wa maabara asiyelijua somo hili. Anampima rhamnosus kwa vankomaisini, anamkuta anakua bila wasiwasi, anaandika kwa wino mwekundu: "sugu". Amesema kweli, lakini taarifa yake inapotosha, kwa sababu kila rhamnosus duniani angetoa jibu lilelile. Miongozo ya kimataifa haidai hata kupima vankomaisini kwa spishi hii.

Linganisha na Enterococcus faecium. Spishi hii kwa kawaida hudhurika na vankomaisini. Lakini zipo nasaba zilizopokea kundi la jeni liitwalo vanA, ambalo huwafanya wajenge ukuta wenye laktati, hila ileile ya rhamnosus. Tofauti ni kwamba vanA imepanda transposoni. Inahama. Huu ndio usugu wa kupokea, na ndio tunaouogopa. Matokeo ya maabara ya nasaba hizi mbili yanaweza kufanana kabisa kwenye karatasi, moja ukaipitisha na nyingine ukaikataa. Ukilielewa hilo, umeshaelewa sehemu kubwa ya taaluma.

Kati ya asili hizo mbili, ya kuzaliwa na ya kupokea, ipo ya tatu: badiliko dogo lililotokea kwa bahati ndani ya kromosomu ya bakteria mwenyewe, tuseme kwenye sehemu ambayo dawa hushika, likamfanya asidhurike. Wanasayansi huliita mutesheni. Hili linarithiwa na watoto wake lakini kwa kawaida halihami kwenda kwa jirani, kwa hiyo hatari yake huhesabiwa kuwa ndogo. Lakini ni lazima lithibitishwe. Huwezi kulidai tu kwa kuwa linakufaa.

Hadithi ya vanA ina funzo kwa wafugaji. Ulaya walikuwa wakitia avoparsini, ndugu wa karibu wa vankomaisini, kwenye chakula cha kuku na nguruwe, si kwa kutibu bali ili wakue haraka. Kwenye mashamba hayo wakaonekana Enterococcus sugu wa vankomaisini kwa wingi. Denmark ilipiga marufuku avoparsini mwaka 1995, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1997, na kufikia tarehe 1 Januari 2006 ukawa umekataza antibiotiki zote za kukuzia mifugo. Pengo lililoachwa likajazwa kwa sehemu na bakteria hai wa kuchanganywa na chakula: Bacillus, Lactobacillus, na hata Enterococcus. Unaona kejeli iliyojificha hapo? Ukiondoa dawa kwa sababu ya usugu, halafu ukaleta bakteria aliyebeba usugu, umezunguka na kurudi palepale. Hivyo ndivyo tathmini hii ilivyopata msukumo wake.

Inafanyikaje basi? Kwanza nasaba hutambuliwa kwa uhakika, hadi spishi, kwa vinasaba vyake. Kisha hupimwa. Kipimo chenyewe ukikiona mara moja hutakisahau. Kuna kisahani cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko simu ya mkononi, chenye vishimo 96. Katika kila kishimo kuna supu ya kulishia bakteria, na ndani ya supu dawa iliyopunguzwa nusu kwa nusu: 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, 0.5, kwa mikrogramu katika mililita. Kila kishimo hutiwa idadi sawa ya bakteria. Kisahani kinawekwa mahali pa joto pasipo oksijeni, kwa saa 48 hivi. Ukikitoa, kishike juu ya kioo au karatasi nyeusi. Vishimo ambavyo bakteria wamekua vina kitone cheupe chini, kama chembe ya unga. Vingine ni safi. Kishimo safi chenye dawa kidogo kuliko vyote ndicho jibu lako: kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia huyu bakteria. Nitakiita kiwango kizuizi.

Supu nayo ina visa vyake. Lactobacillus ni walaji wagumu kuridhika, hawakui katika supu za kawaida za hospitali. Supu waipendayo, iitwayo MRS, iliyobuniwa mwaka 1960, ina uchachu unaozidhoofisha baadhi ya dawa, kwa mfano gentamaisini. Hapo dawa itaonekana haina nguvu na bakteria ataonekana sugu bila kuwa hivyo. Mwafaka uliopatikana ni mchanganyiko: asilimia 90 supu ya kupimia dawa na asilimia 10 MRS. Utaratibu huo uliingizwa katika kiwango cha kimataifa ISO 10932 cha mwaka 2010. Ninapopewa ripoti ya usugu wa Lactobacillus, kabla sijatazama namba hutafuta kwanza walitumia supu gani. Wasipotaja, huiweka ripoti kando.

Namba hiyo ukishaipata, unailinganisha na nini? Hapa wanafunzi wa tiba hukwama, kwa hiyo nisikilize vizuri. Hospitali ina viwango vyake vya mpaka, na vinajibu swali la daktari: dawa hii itamponya mgonjwa? Sisi hatuna mgonjwa. Tunauliza jambo jingine: nasaba hii ni tofauti na ndugu zake? Ukipima nasaba nyingi za spishi moja ambazo hazijapokea usugu na kuchora majibu yao, zitarundikana mahali pamoja kama kichuguu. Mpaka wetu huwekwa pale kichuguu kinapoishia upande wa kulia, penye viwango vikubwa. Aliyeangukia mbali kulia ana kitu ambacho ndugu zake hawana, na ni wajibu wetu kujua ni kitu gani.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 2002, imechapisha jedwali la mipaka hiyo linalotumiwa hata nje ya Ulaya. Chukua tetrasaiklini. Kwa Lactobacillus plantarum mpaka ni 32. Kwa rhamnosus ni 8. Kwa kundi la acidophilus ni 4. Nasaba yenye kiwango kizuizi cha 16 ni ya kawaida kabisa ikiwa ni plantarum, na ni ya kushukiwa ikiwa ni rhamnosus. Sasa unaona kwa nini utambuzi wa spishi hutangulia. Kosa la jina mwanzoni hugeuza hukumu mwishoni. Na usihukumu kwa hatua moja: jibu la 64 mahali pa 32 linaweza kuwa tofauti ya kawaida ya kipimo. Rudia.

Nasaba ikivuka mpaka, tunafungua vinasaba vyake. Siku hizi, na kwa Ulaya ni sharti tangu mwongozo wa mwaka 2018, hata kwa nasaba ambayo haikuvuka mpaka, kromosomu na plasmidi zote husomwa herufi kwa herufi, kisha kompyuta huzilinganisha na hazina za jeni za usugu zinazojulikana, kama ResFinder ya Denmark na CARD ya Kanada. Likipatikana jeni, tunatazama majirani zake. Limekaa kwenye plasmidi? Limezungukwa na alama za transposoni? Au limo ndani ya kromosomu, mahali palepale ambapo kila ndugu wa spishi hiyo analo? Hutokea pia jeni likapatikana ilhali kipimo kimeonyesha bakteria anadhurika na dawa. Limelala. Wapo wanaolipuuza; mimi si mmoja wao, kwa kuwa likihamia kwa mwenyeji mwingine huenda likaamka.

Kisa kimoja kitakuonyesha mlolongo wote ukifanya kazi. Nasaba iitwayo Lactobacillus reuteri ATCC 55730 ilitengwa mwaka 1990 kutoka kwenye maziwa ya mama mmoja wa Peru, ikauzwa miaka mingi kama bakteria wa kusaidia tumbo la mtoto. Vipimo vikaonyesha inahimili tetrasaiklini na linkomaisini kupita ndugu zake. Vinasaba vilipofunguliwa, jeni la kwanza, tet(W), likakutwa kwenye plasmidi moja, na la pili, lnu(A), kwenye plasmidi nyingine. Hakuna mtu aliyeripotiwa kudhurika. Hata hivyo kampuni iliyokuwa ikiiuza, BioGaia, haikungoja. Watafiti waliziondoa plasmidi zote mbili, wakapata nasaba binti isiyo na usugu huo, DSM 17938, wakachapisha kazi hiyo mwaka 2008, na binti akachukua nafasi ya mama sokoni. Napenda kukifundisha kisa hiki kwa sababu tathmini ilizaa bidhaa bora badala ya marufuku.

Si kila kisa huishia hivyo. Kirutubisho cha mifugo kiitwacho Toyocerin, chenye bakteria wa jamii ya Bacillus cereus, kilikuwa kimeruhusiwa Ulaya kwa miaka mingi. Mwaka 2013 ruhusa yake ilisitishwa, usugu wake dhidi ya dawa zenye umuhimu ukiwa miongoni mwa sababu. Na mwaka 2014 maabara za Ulaya zilikuta vitamini B2 ya kuchanganya na chakula cha mifugo ikiwa na Bacillus subtilis hai aliyebadilishwa vinasaba, akiwa na jeni za usugu. Huyo hakukusudiwa kuliwa kabisa. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani wa kutengeneza vitamini, akabaki ndani ya bidhaa. Kwa hiyo hata ambaye hauzi bakteria anaweza kuwa anamuuza bila kujua.

Tuje nyumbani. Ingia duka la pembejeo za mifugo, uulize kirutubisho cha kuku chenye bakteria hai. Ukipewa pakiti, soma nyuma yake. Imetaja spishi? Imetaja nasaba, yale maandishi ya herufi na namba yanayofuata jina? Iliyoandikwa tu kwamba ina "bakteria rafiki" haijakuambia lolote la kutathminiwa. Fikiria pia hali ya banda lenyewe. Mfugaji wa kuku wa nyama anaweza kutia OTC kwenye maji wiki hii na bakteria hai kwenye chakula wiki ijayo. Tetrasaiklini ikiwapo, mwenye jeni la kuihimili ndiye anayebaki hai na kuongezeka, awe E. coli wa kuku au mgeni wa kwenye pakiti. Utumbo wa kifaranga unakuwa mahali pazuri mno pa kuazimana madaftari.

Kwa upande wa taasisi, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa, za binadamu na za mifugo, ziko chini ya TMDA, mamlaka iliyotokana na TFDA ya zamani. Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo Mtwara, ambacho si mbali na kwenu. Chuo Kikuu cha Sokoine ndiko iliko SACIDS, taasisi inayochunguza magonjwa ya binadamu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja, na usugu ni sehemu ya kazi yake. Nayasema haya kwa sababu kijana wa kidato cha sita wa Ruangwa mara nyingi hudhani kazi hizi zinafanyika Ulaya tu.

Ukitaka kuanza, anza na vyungu. Chagua nyumba kadhaa zinazofuga kuku kwa dawa za dukani na nyingine zinazofuga kienyeji bila dawa, zote ziwe zinatengeneza togwa kwa kimea chao wenyewe. Omba ruhusa, eleza unachofanya, chukua sampuli ya togwa na ya kimea kila nyumba, uziweke kwenye ubaridi na uziwahishe maabara. Tenga Lactobacillus, zitambue spishi zake, uzipime kwa tetrasaiklini kwenye ile supu ya mchanganyiko, usiache kuweka kwenye kila kisahani nasaba moja ambayo jibu lake linajulikana, ili ujue siku ambayo kipimo chako kimekosea. Halafu panga majibu ya kila spishi peke yake na utazame kama kichuguu cha nyumba za dawa kimekaa palepale na cha nyumba zisizo na dawa. Utakapokuta mmoja aliyeruka mbali kulia, usitangaze kitu. Mpime tena, kisha utafute pesa za kumsoma vinasaba.